Maziwa ya Kidoleni

Huko Olmotonyi, kwenye mteremko wa Mlima Meru, Naeku alikamua ng'ombe kila alfajiri. Maziwa aliyamimina katika kibuyu kilichofukizwa kwa moshi wa mti wa mtamayu. Kisha alimpelekea mwanawe Lemomo kikombe kitandani. Lemomo alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na miguu yake ilikuwa mizima.

Hapo awali Lemomo alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Hospitalini familia iliambiwa kwamba ugonjwa huo unaitwa skizofrenia. Alipewa dawa, na sauti zikanyamaza. Lakini hamu ya kufanya kazi, kuzungumza au kutoka nje haikurudi. Hata mtamba wake, ng'ombe jike mchanga aliyemlea tangu alipozaliwa, Lemomo hakumtazama tena.

"Jumapili baada ya ibada Bariki atakuja kumchukua mtamba," alisema Solomoni, baba yake. Bariki alikuwa mpwa wa Solomoni. "Mfugo haumngoji mtu aliyelala."

"Mgonjwa hupumzika, Baba Lemomo," alisema Naeku.

"Amepumzika mpaka kitanda kimechoka."

 Naeku aliogopa kwamba mtamba akiondoka, Lemomo hatabaki na sababu yoyote ya kuinuka.

Siku iliyofuata alifika Hope, muuguzi wa afya ya akili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sista. Umetuletea dawa ya uvivu?"

"Sijaiona, mzee. Na huu si uvivu, wala si laana. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe."

Hope aliketi karibu na kitanda. Aliomba kikombe cha maziwa.

"Lemomo, ukinywa haya, utafurahi?"

"Hapana."

"Vema. Nusa kwanza. Sasa kunywa polepole."

Lemomo alinusa. Alikunywa, akanywa tena.

"Umeonja nini?"

"Moshi wa mtamayu."

"Ni mbaya?"

"Ni mzuri."

Hope aliwageukia wazazi. "Mmesikia? Furaha bado anaionja. Shida iko kabla ya kuonja. Akili yake haimwambii mapema kwamba jambo litakuwa zuri. Humwambia kwamba atashindwa. Ndiyo maana hainuki."

"Basi tungoje hamu imrudie," alisema Solomoni.

"Mzee, ndama anayekataa kunyonya, mnamngoja apate hamu?"

Naeku alijibu kabla ya mumewe. "Tungengoja, angekufa! Tunachovya kidole katika maziwa, tunamlambisha. Akishaonja, anatafuta chuchu mwenyewe."

Solomoni alikohoa. Katika maisha yake alikuwa amelambisha ndama wengi.

"Nanyi fanyeni hivyo," alisema Hope. "Aendelee na dawa zake. Msimkemee, wala msimfanyie kila kitu. Achague jambo dogo, alifanye hata kama hana hamu. Jioni muulizeni alionja nini, ili akili ijifunze kukumbuka."

Lemomo alichagua kumpelekea mtamba majani, mzigo mmoja mdogo. Siku ya kwanza alifika mlangoni, akarudi. Hakuna aliyemcheka. Siku ya pili alifika zizini. Jioni mama yake alimuuliza, "Ilikuwaje?"

Lemomo aliutazama mkono wake. "Alinilamba mkono. Ulimi wake unakwaruza."

Haukuwa muujiza, na Hope hakuahidi muujiza. Mtu mwenye hamu huinuka bila kujua kwamba ameinuka. Lemomo aliinuka bila msaada huo, na kazi hiyo inastahili heshima.

Jumapili Bariki alifika na kamba. Alikuta kitanda kitupu. Lemomo alikuwa zizini, mkono wake shingoni mwa mtamba.

"Mjomba, nirudi na kamba tupu?" aliuliza Bariki.

Solomoni alimtazama mwanawe. "Hiyo kamba ifungie kuni," alisema.

Baadaye, Hope alipopita tena, Lemomo alikuwa akikata majani kila siku, na siku nyingine alimsaidia baba yake kurekebisha zizi. Zilikuwapo pia siku ngumu. Asubuhi za namna hiyo Naeku alisimama mlangoni na kumwita.

Jioni moja alimuuliza, "Kesho utaenda zizini?"

"Sina hamu, yeyo," Lemomo alimjibu mama yake. Kisha aliuchukua mundu, akaanza kuunoa kwa ajili ya kesho. "Hata leo asubuhi sikuwa nayo."