Siku Moja ya Wifi

Mwaka 2011, katika majira ya kiangazi, shule zilipofungwa, mshonaji mmoja alisafiri na jamaa zake kwenda likizo, na huko akampotezea wifi yake siku moja. Hakukusudia. Hata hivyo, siku iliyopotea haiulizi kama ilipotezwa kwa kusudi.

Mshonaji huyo alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani ilikaa chini ya dirisha. Ukutani palikuwa na misumari sita, na kila msumari ulibeba nguo zilizowangoja wenyewe. Juu ya meza palikuwa na vitu vitatu ambavyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuvigusa: mkasi mkubwa, kopo la vifungo na daftari la vipimo. Katika daftari hilo aliandika kifua, kiuno na urefu wa kila mteja.

"Kitambaa kikishakatwa hakirefuki," aliwaambia wateja wenye haraka. "Simama wima nikupime."

Mume wake alikuwa karani wa ghala. Walikuwa na watoto wawili: binti wa miaka kumi, na kitindamimba wa kiume aliyekuwa na miaka miwili. Wifi yake, yaani dada wa mume, alikuwa dobi katika hospitali. Alipiga pasi mashuka mwaka mzima, akiwa amesimama, na kwa mwaka alipewa likizo ya siku saba tu. Juu ya meza yake ya pasi palikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya maporomoko ya maji. Kalenda hiyo ilikwisha kupitwa na wakati miaka minane, lakini wifi hakukubali iondolewe.

Mshonaji hakuzaliwa na dada. Wifi ndiye aliyekuwa dada yake, na utani wao haukuwa na mipaka.

Mwaka ule waliamua kwenda kuyaona maporomoko yenyewe. Wateja walipopata habari kwamba mshonaji anasafiri, wote walizikumbuka nguo zao siku moja. Alishona juma zima, na siku ya mwisho akashona hadi usiku wa manane. Asubuhi hakunywa chai wala maji.

"Mbona hunywi kitu?" mume wake alimwuliza.

"Safari ni ya saa sita, na basi halisimami ovyo. Sitaki kumwomba dereva asimamishe gari mbele ya watu wazima."

Dawa zake za maumivu alikuwa amezifungia ndani ya sanduku. Sanduku liliwekwa kwenye buti ya basi.

Walipokuwa wamesafiri saa tatu, alianza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho. Kisha upande wa kushoto wa kichwa ukaanza kupwita. Jua la dirishani lilimchoma macho, na harufu ya chungwa alilomenya abiria wa nyuma ilimtia kichefuchefu. Alijikaza kisabuni, na sabuni ikayeyuka. Walipofika kwenye nyumba ya wageni, alitapika mlangoni.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa siku ya maporomoko. Njia ya kwenda juu ilikuwa na ngazi mia nne na kumi na mbili, na bango langoni lilisema kwamba watoto wa chini ya miaka mitano hawaruhusiwi kupanda. Mshonaji alikuwa amelala katika chumba chenye giza, kitambaa kikiwa usoni.

"Nitabaki mimi na mtoto," alisema mume.

"Wewe?" wifi alimjibu. "Utajua kumshikia beseni? Nenda na binti yako."

Basi wifi alibaki. Alimbembeleza kitindamimba kwenye ukumbi, akayasikia maporomoko kwa mbali, asiyaone. Kesho yake walirudi nyumbani.

Njiani wifi hakutania kama kawaida yake.

"Wifi, kichwa chako kinajua kalenda," alisema. "Siku za kazi kizima, siku ya starehe kinauma. Kazini hukiugui hata kidogo."

"Unadhani najisingizia?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba nina siku saba kwa mwaka, nawe umenilia moja. Mwakani nitakwenda na wenzangu wa kazini. Watoto wako nawapenda, lakini beseni lako sikuzaliwa nalo."

Neno hilo lilimwuma mshonaji kuliko kichwa.

Miezi minne ilipita. Wifi alikuja mara chache, na alipokuja hakukaa. Siku moja mfamasia wa mtaani, jirani mwenye umri wa makamo, alikuja kuchukua koti lake jeupe lililokuwa likipunguzwa mikono. Kifungo kimoja kilikuwa kimekatika. Mshonaji alilimimina kopo la vifungo mezani ili atafute kifungo kinachofanana. Pamoja na vifungo vilianguka vidonge vya maumivu, karatasi tatu, mbili kati yake zikiwa tupu.

"Hivi navyo unavishonea wapi?" mfamasia aliuliza.

"Ni vya kichwa, dada."

"Juma hili umevimeza siku ngapi?"

"Nne. Na leo ya tano."

"Hata kabla hakijauma?"

"Nikikiona kinataka kuuma, nakiwahi. Nikikosa hofu, nameza kidogo kwa ajili ya hofu itakayokuja."

Mfamasia hakucheka. Alivuta kiti, akaketi.

"Sikiliza, mwenzangu. Kinakuuma upande mmoja, kinapwita, mwanga na kelele huvitaki, na unataka kutapika. Je, nimekosea?"

"Umekuwa ukinichungulia dirishani?"

"Ugonjwa huo una jina. Ni kipandauso. Si uvivu, wala si kisingizio. Lakini dawa ya maumivu ikimezwa siku nyingi mno, yenyewe huanza kukileta kichwa. Usizidishe siku mbili kwa juma mpaka umwone daktari. Na uende umwone, kwa sababu mimi nakisia tu, yeye atapima."

"Nitaenda nikipata nafasi."

"Nafasi haipatikani, hutengwa. Na kuna vichwa visivyongoja nafasi. Kikikujia ghafla kwa nguvu usiyopata kuijua, au pamoja na homa na shingo iliyokakamaa, au baada ya kuanguka, au mkono ukilegea na ulimi ukiwa mzito, huko si kuja kwangu. Ni kukimbilia hospitali saa ile ile."

Mshonaji alikwenda zahanati siku ya pili. Daktari alimpima shinikizo la damu na macho, akamwuliza kuhusu ujauzito na vidonda vya tumbo, ndipo akamwandikia dawa inayomfaa na kiasi chake. Alithibitisha kwamba ni kipandauso. Aliporudi, mfamasia alimtaka jambo moja zaidi.

"Unampima mteja kabla ya kukata kitambaa, sivyo?"

"Lazima."

"Basi kipime kichwa chako. Kila kikiuma andika siku, saa uliyolala, ulichokula na maji uliyokunywa. Miezi mitatu."

Mshonaji aliligeuza daftari la vipimo, akaanza kuandika kwa nyuma. Miezi mitatu ilipotimia, walilifungua pamoja. Kichwa kilikuwa kimeuma mara saba. Mara tano kati ya hizo ilikuwa Jumapili.

"Jumamosi hufanya nini?" mfamasia aliuliza.

"Nakabidhi nguo. Ijumaa usiku silali, namalizia."

"Na Jumapili?"

"Nalala mpaka saa nne. Naamka bila chai, kisha…" Mshonaji alisita. "Wifi yangu alisema kichwa changu kinajua kalenda."

"Wifi yako aliona vizuri, akaeleza vibaya. Mwili uliokazwa juma zima ukilegezwa kwa ghafla, kwa watu wengine kichwa ndicho kinacholipa. Ongeza usingizi uliokatika, tumbo tupu na kiu. Kisha panda basi, ukae kwenye jua saa sita. Hapo umekialika kwa barua."

"Kumbe nilikuwa sinywi maji kwa kuona haya!"

"Haya haikupoza kichwa. Kunywa kidogo kidogo, na gari likisimama, shuka. Dereva naye ana kibofu."

Kiangazi kilipokaribia tena, mshonaji alikwenda kwa wifi yake. Alimkuta nyuma ya nyumba akianika nguo zake mwenyewe. Alimfungulia daftari, akamwonyesha Jumapili zote. Wifi alisoma polepole, pini ya nguo ikiwa mdomoni.

"Kwa hiyo nilikutukana bure," alisema hatimaye.

"Si bure. Ulinipa kipimo cha kwanza."

"Na kikiuma tena huko?"

"Huenda kikauma. Hakuna aliyeniahidi kwamba kimekwisha. Lakini kikianza nitasema mapema, sitajikaza. Na siku yako hutaikosa. Njoo mara hii tu."

Wifi aliichomeka pini kwenye kamba. "Nitakuja. Lakini beseni unabeba mwenyewe."

Mara hii mshonaji aliacha kupokea kazi siku kumi kabla ya safari. Wateja walinung'unika, naye aliwaacha wanung'unike. Siku tatu za mwisho alishona kidogo kidogo, akalala saa ile ile kila siku. Asubuhi ya safari alikula mkate na yai. Dawa, chupa ya maji, kofia, miwani ya jua na kitambaa cheusi alivitia katika mkoba wa mkononi. Alikata tiketi za upande usiopigwa na jua. Marashi aliyaacha nyumbani.

Baada ya saa nne za safari, vimulimuli vilikuja.

Mshonaji alimgusa wifi yake begani.

"Wifi, kimeanza."

Wifi alimtazama. Hakutania. Alifungua mkoba, akampa maji na biskuti mbili. Mshonaji alimeza dawa kwa kiasi alichoandikiwa na daktari, akavaa miwani, akajifunika kitambaa. Wifi alimpakata kitindamimba na kumwambia abiria wa mbele apunguze redio.

"Kwani kuna mgonjwa?" abiria aliuliza.

"Yupo, na mimi ndiye mlinzi wake. Punguza."

Maumivu yalikuja, lakini hayakupanda kama zamani. Walipofika, mshonaji alikuwa mchovu na uso wake umepauka. Alikunywa mchuzi, akalala mapema. Alfajiri aliamka kichwa kikiwa chepesi.

Baada ya kunywa chai walikwenda langoni. Kitindamimba alikuwa na miaka mitatu, na bango lilikuwa pale pale. Mtoto alimng'ang'ania shangazi yake shingoni.

"Nitabaki mimi," mume alisema. "Nimekwisha kuyaona."

"Hapana," mshonaji alijibu. "Deni hili halilipwi kwa mkono wa mwingine."

Alimchukua mtoto, kidole baada ya kidole, kutoka shingoni kwa wifi.

"Wifi, nawe hujayaona," wifi alisema. "Twende kwa zamu, mimi nitarudi upesi."

"Ukirudi upesi utakuwa umenirudishia nusu ya siku, nami nadaiwa siku nzima. Panda. Mimi nitayaona mwakani, yamekungoja miaka tisa, hayatakimbia."

Wifi alipanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mume na binti wakiwa wametangulia. Kwenye ngazi ya kumi aligeuka.

"Wewe! Maji umekunywa?"

Mshonaji aliinua chupa juu, ikiwa nusu tupu, ili aione.

Kisha akavaa kofia yake, akaketi kwenye benchi kivulini, mtoto akiwa mapajani. Maji yaliunguruma kwa mbali. Wifi hakurudi hadi saa nane mchana, nguo zake zikiwa zimelowa, na muda wote huo hakuna mtu aliyekwenda kumwita.