Mafuta Yanaishia Wapi?

Amna hupika chakula nyumbani kwake Kariakoo. Mchana hukipakia kwenye gari lake dogo, akawapelekea wateja wake maofisini, Posta.

Siku moja gari lilimzimikia njiani. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na alikuwa amejaza majuzi tu. Chakula kilifika kimepoa. Wateja wengine walikuwa wameshakula kwingine. Hilo lilimuuma.

Jioni mumewe, Twaha, akamwambia, "Mama Wafa, gari hili linatumaliza. Nimepata mtu wa kulinunua. Atakuja wiki ijayo kuliona."

"Umemwambia kwamba linakula mafuta?"

"Hapana," Twaha alisema.

"Basi silitoi," Amna alisema. "Siwezi kumuuzia mwenzangu ugonjwa nisioujua hata mimi. Kwanza nijue mafuta yanaishia wapi."

Asubuhi akaenda mtaa wa Gerezani, kwenye gereji ya Joyceline, jirani yao wa ghorofa ya chini, ambaye ni fundi wa magari.

"Hebu endesha kidogo, dada Amna," Joyceline alisema. "Nikuone unavyokwenda."

Wakazunguka mitaa ya karibu. Amna alikanyaga mafuta kwa nguvu, kisha akafunga breki ghafla nyuma ya bajaji. Waliporudi, Joyceline akapitisha kiganja karibu na kila gurudumu.

"Sogeza mkono hapa, lakini usiguse. Unasikiaje?"

"Moto kabisa."

"Breki imeng'ang'ania. Wewe unakwenda mbele, yenyewe inakuvuta nyuma. Injini inakula mafuta mengi ili iishinde breki. Tena ni hatari."

Gari lilipopoa, akapima upepo. Matairi yote yalikuwa laini.

"Tairi lenye upepo mdogo ni zito kuviringika. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa hapa mlangoni. Pima mara kwa mara, kabla hujatoka, tairi likiwa la baridi."

Kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi. Plagi nazo, zinazowasha mafuta ndani ya injini, zilikuwa zimechakaa, kwa hiyo mafuta hayakuwa yakiungua vizuri. Kisha Joyceline akafungua buti. Ndani mlikuwa na masufuria makubwa na gunia la mkaa.

"Ni vya ile harusi ya mwezi uliopita," Amna alisema.

"Na unavitembeza mjini kila siku. Haya, ukiwa unasubiri wateja, unazima injini?"

"Hapana. Joto lile? Nawasha kiyoyozi."

"Basi mafuta yanaungua na wewe hujaenda popote."

Amna alijisikia vibaya. Alikuwa amelilaumu gari, kumbe baadhi ya makosa yalikuwa yake. Hakukaa kulalamika.

"Tengeneza breki na hivyo vingine," alisema. "Na huo upepo, nifundishe kupima mwenyewe."

Siku hiyohiyo akashusha masufuria na mkaa. Kuanzia hapo alikanyaga mafuta taratibu, na akiona foleni mbele aliondoa mguu mapema badala ya kufunga breki ghafla. Akifika Posta alizima injini, akasimama kwenye kivuli cha jengo. Siku za mwanzo jasho lilimtoka na alitamani kurudi ndani, lakini hakurudi.

Wiki iliyofuata yule mnunuzi alifika. Twaha akawasha gari ili amwonyeshe. Akautazama mshale wa mafuta. Ulikuwa juu ya nusu, ingawa Amna alikuwa amejaza mara moja tu, siku lilipotoka Gerezani.

"Linaendaje?" mnunuzi aliuliza.

Twaha akazima gari, akashuka.

"Linaenda vizuri," alisema. "Samahani kwa kukusumbua, ndugu yangu. Haliuzwi tena."