Maji ya Dumu Jeupe

Kila nikitoka shule nilipitia chumba cha kazi cha Shangazi, fundi cherehani, kumkunjia nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Kando ya cherehani palikuwa na tangi la kioo lenye maji ya bahari, na ndani yake samaki mmoja mdogo kama kidole changu cha mwisho. Shangazi alimwita Bawabu. Kutwa alikaa mchangani, mlangoni mwa shimo lililochimbwa na kamba wa baharini asiyeona vizuri. Kamba akitoka kutupa mchanga, Bawabu alimlinda. Akiona hatari alitikisa mkia, na wote wawili wakaingia ndani.

"Samaki gani huyu, hata kuogelea mvivu?" nilimcheka. "Amekodoa macho kama chura. Hata paka hamtaki."

"Mwache na kazi yake," Shangazi alijibu, pini zikiwa mdomoni. "Wewe kukunja suruali tu kumekushinda."

Likizo ilipofika, Shangazi alisafiri wiki moja kwenda kushona sare. Chumba kile kilikuwa na joto na maji ya tangi yalipungua haraka.

"Kila siku jaza mpaka kwenye mstari huu," aliniagiza. "Tumia dumu jeupe, lenye maji yasiyo na chumvi. Dumu la bluu ni la maji ya bahari, usiliguse. Maji yakikauka, chumvi haiendi popote. Inabaki humo humo."

Sikumjali. Eti mtu aliyeacha shule mapema anifundishe mimi, wa kwanza darasani! Samaki wa bahari hupewa maji ya bahari, basi. Wiki nzima nikajaza ya dumu la bluu.

Shangazi aliporudi, Bawabu alikuwa amelala ubavu palepale mlangoni, akihema upesi upesi. Kamba hakuonekana.

"Ulimwekea maji gani, mwanangu?"

"Ya dumu jeupe, Shangazi."

Kipimo cha chumvi kilikuwa kwenye droo, karibu na mkasi. Hakukigusa.

"Basi ni ugonjwa," alisema, akatoa chupa ya dawa. "Dawa hii itamuua kamba. Lakini heri apone mmoja kuliko kufa wote."

Akafungua kifuniko, akainamia tangi.

"Usitie, Shangazi! Niliweka ya dumu la bluu. Siku zote."

Alifunga chupa, akapima maji, akacheka bila furaha.

"Msomi wetu! Huyo uliyesema hata paka hamtaki hakuondoka mlangoni mwa mwenzake, katika maji uliyoyaharibu wewe. Na wewe? Dumu moja tu limekushinda, na ukweli nao umekushinda."

Kwa siku mbili tulichota kikombe cha maji ya tangi na kurudishia kikombe cha maji ya dumu jeupe, kidogo kidogo ili wasishtuke. Siku ya tatu Bawabu alisimama mlangoni. Nyuma yake kamba akatoka, akisukuma mchanga wake.

Shangazi aliniwekea kipimo mkononi.

"Sikupima kwa sababu ulikuwa umesema," aliniambia. "Kosa la maji lingerekebishika. Uongo wako ndio ulionishikisha dawa. Samaki hasemi, mwanangu. Mdomo wako ndio uliokuwa mdomo wake. Ukipewa kumtunza asiyeweza kusema, msemee kweli."

Shangazi hayupo tena. Kipimo kile ninacho, na sijazi maji tangini kabla ya kupima.