Henzirani ya Mzee Usi

Kila akirudi skuli, Tahiya alivua ushungi, akala, kisha akaloweka chane za henzirani kwenye beseni. Mama yake, Bi Kidawa, alizisukia viti hapo barazani kwao, Malindi.

"Zungusha kidoleni," mama alizoea kumwambia. "Ikilia kama inataka kukatika, irudishe majini."

Siku hiyo kiti kilikuwa cha Salhiya, bibi harusi wa mtaani, atakayekikalia Ijumaa. Lakini Nadra, shoga yake Tahiya, alishafika mlangoni na mpira wa rede. Tahiya akazirashia chane maji juu juu, zikang'aa.

"Tayari?"

"Tayari, mama."

Aliporudi kutoka kucheza, alikuta vipande vimetapakaa sakafuni. Kila chane iliyovutwa ilikatika.

"Mzee Usi kaniuzia henzirani mbovu!" Bi Kidawa alifoka. "Kesho twende Kizimbani akanione."

Tahiya akainama kuokota vipande.

Shambani, Mzee Usi hakubishana. "Njooni muone nilipoikata," alisema.

Nyuma ya mikarafuu kulikuwa na shina jembamba kama kidole gumba, limejaa miba. Lilipanda mfenesi, likavuka hadi kwenye mshokishoki, likapotea juu kabisa. Majani yake yalikuwa na ncha ndefu zenye kulabu, zimeng'ang'ania matawi.

"Huu wote mche mmoja, babu?"

"Mmoja. Hauna nguvu ya kusimama peke yake. Unashika, unapanda, unalitafuta jua. Niliupanda mwanangu akitambaa. Leo yeye ana watoto."

Tahiya aliinua uso mpaka shingo ikamuuma. Upepo ukapita, na huko juu majani yakameremeta.

"Subhanallah!" Hata Bi Kidawa alinong'ona. Kisha akajikaza. "Mzuri, lakini henzirani yako imeoza. Sinunui tena kwako."

Mzee Usi akainamisha kichwa. Tahiya akautazama ule mti, akamtazama mzee.

"Haikuoza, mama. Sikuiloweka. Niliirashia maji tu, nikaenda kucheza rede."

Bi Kidawa akamgeukia binti yake.

"Muombe radhi," mama alisema.

"Nisamehe, babu."

"Na mimi niwie radhi, Mzee Usi. Nimekulaumu bila ya kuuliza."

"Yaishe," mzee alijibu, akawatolea fungu jengine kavu.

Alasiri ile Nadra aliita, "Tahiya! Rede!"

"Bado! Inalia!"

Nadra alicheka. "Henzirani inalia? Mbembeleze basi!"

Tahiya hakuondoka penye beseni mpaka chane ilipozunguka kidole kimyakimya.

Ijumaa, Salhiya alikaa kitini na mapambo yake yote. Kiti hakikutoa hata mlio.

"Tahiya," mama alimwita pembeni.

"Naam, mama."

"Mti ule umepanda miaka na miaka, na wewe ukaharibu kazi yake kwa uvivu wa alasiri moja. Hilo nshasamehe. Lililonitisha ni kunyamaza kwako, mzee wa watu akibebeshwa kosa lako. Siku nyengine sema palepale."

"Nimesikia, mama."

"Haya, nenda kale biriani kabla wenzio hawajaimaliza."