Kiwiko cha Nesi

Walikutana kwenye duka la fotokopi, watu wamejaa hadi mlangoni, feni ilipopeperusha karatasi za nota za mwalimu wa kinanda zikaangukia miguuni pa binti fundi cherehani. Binti akaziokota, akazitazama.

"Kaka, hawa viluwiluwi unawafuga?"

Mwalimu alicheka mpaka watu wakageuka. "Njoo nikufundishe majina yao."

Akaenda. Mwalimu akamwonyesha alama ndogo kichwani mwa mstari, kama dirisha lenye nondo.

"Hii ni shapu, ya kupandisha sauti, imekaa mahali pa nota ya fa. Huko mbele, kwenye nota zenyewe, hutaiona tena. Lakini kila fa utakayokutana nayo, usiibonyeze nyeupe, panda kwenye kitufe cheusi. Imeshasemwa."

Binti alielewa siku hiyohiyo. Penzi nalo likaja vivyo hivyo: jioni moja akimsindikiza, mwalimu akasema, "Nakupenda," basi, asirudie tena.

Kumbe kuna nesi naye anajifunza. Siku moja binti aliwahi, amevaa gauni la bluu alilojishonea, akachungulia dirishani. Nesi huyo kitini, kucha nyekundu, manukato yanafika nje. Mwalimu ubavuni anamgusa kiwiko. Nesi anacheka. Anamgusa tena! Binti akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Nafundisha, mama. Nikupigie baadaye?"

"Fundisha tu. Usije ukachoka mkono."

Nesi alipotoka alimpisha mlangoni. "Karibu dada, kiti bado cha moto."

"Huo moto nimeuona."

Akaingia, hakukaa. "Nimekuja kuaga. Baki na viwiko vyako."

"Viwiko gani tena?"

"Unamgusa yule kama unapapasa embe sokoni! Mimi tangu nianze hujanigusa hata ukucha."

Mwalimu akashika kichwa. "Jamani! Yule anasahau fa. Kila ikifika namgusa, akumbuke. Wewe nilikuambia mara moja tu, hukosei. Nikuguse kwa kosa gani?"

"Na kunipenda je? Nako uliniambia mara moja, ukaona yatosha mpaka mwisho wa wimbo?"

"Nilidhani... imeshasemwa."

"Mimi si karatasi, baba."

Mwalimu akasogeza kiti, kwa sauti ya chini: "Kaa kwanza. Nipigie kidogo, halafu uondoke ukitaka."

Binti alikaa, amenuna. Akapiga vizuri, taratibu, mpaka ilipofika fa. Akaibonyeza nyeupe, kwa nguvu, kosa la kusikika hadi barabarani. Akatulia, macho mbele.

Mwalimu hakugusa kiwiko. Aliushika mkono wote.

"Nakupenda."

Binti akautoa mkono, akaendelea. Fa ya pili, nyeupe tena.

"Nakupenda. Jumapili nije kwa shangazi yako, nikupose?"

"Njoo," akasema binti, akageuza ukurasa. "Lakini usikae mbali. Wimbo huu una fa nyingi."