Kidole cha Mwalimu

Siku hiyo mshonaji alikuwa na shida moja tu: viti. Wageni walikuwa kumi na mbili, na sebuleni kwake kulikuwa na viti sita, kimoja kikiwa cha kukalia mbele ya cherehani. Basi saa tisa alasiri alitoka na wifi yake kwenda kwa jirani, wakaazima vingine saba, wakavibeba viwili viwili huku wakigongana mlangoni na kucheka kama wasichana.

"Miaka miwili sijakusikia ukicheka hivyo," wifi yake alimwambia.

"Leo niache, wifi. Leo nina haki."

Haki alikuwa nayo. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha muziki miaka thelathini na moja, alipigwa na kiharusi akiwa anafunga kamba za viatu. Kiharusi kilimchukua kila kitu kikamwachia macho, masikio, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Kwa kidole hicho ndoa yao ikaendelea. Akigonga mara moja kwenye mkono wa kiti chake, ni ndiyo. Mara mbili, hapana. Unataka chai? Tok. Nizime redio? Tok, tok. Walishazoeana kiasi kwamba waliweza hata kugombana.

Alasiri hiyo wanafunzi wake wanne wa zamani walikuwa wanakuja kumpigia muziki nyumbani kwake. Ngongoti, aliyeitwa hivyo kwa urefu, alipiga fidla ya kwanza. Mdogo wake, karani, fidla ya pili. Fundi saa alishika viola, fidla yenye sauti nzito kidogo. Na nesi, mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi, alipiga selo, ile fidla kubwa inayokaa katikati ya magoti na kunguruma kama mtu anayewaza kwa sauti.

Saa kumi wakaanza. Sebule ilikuwa ndogo, upinde wa Ngongoti nusura umtoboe jirani jicho. Walipiga nyimbo laini za mapenzi, zile ambazo Mwalimu aliwafundisha wakiwa watoto, na mshonaji aliyesimama nyuma ya kiti cha mumewe akaona machozi yakimtiririka.

Akainama. "Umefurahi, mume wangu?"

Tok.

Alipoinua kichwa ndipo alipomwona yule bibi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, karibu na mlango. Mwembamba, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, ingawa chumba kilikuwa na joto la watu. Alitoa harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi... na chini ya harufu hiyo, nyingine, tamu, kama maua yaliyosahaulika kwenye maji.

"Wifi," mshonaji alinong'ona, "huyu ni mgeni wako?"

"Mimi? Si wa kwako?"

Nyimbo zilipokwisha na watu kupiga makofi, bibi aliinuka. Alitembea taratibu, kila hatua ikimgharimu pumzi, akamkabidhi Ngongoti bahasha kuukuu.

"Mpigieni na hii," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo na ya adabu. "Anaijua. Aliisikia akiwa kijana."

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi za noti za muziki zilizoandikwa kwa mkono. Wanne waliziinamia. Fundi saa akakuna kichwa. "Ni nzuri," alisema. "Ngumu kidogo, lakini nzuri."

"Mama, tupige?" Ngongoti akamuuliza mshonaji.

Laiti angemtazama mumewe kwanza. Lakini wageni walikuwa wanatabasamu, chai ilikuwa bado haijachemka, na mwenyewe alikuwa na furaha iliyomlevya.

"Pigeni, wanangu."

Selo ikaanza peke yake. Sauti moja ndefu, ya chini. Fidla zikaingia juu yake kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa, kwa vidole vya miguu. Hakuna aliyekohoa. Nje, hata mbwa wa jirani aliyekuwa akibweka tangu mchana alinyamaza.

Kidole cha Mwalimu kikaanza kwenda.

Tok, tok. Tok, tok. Tok, tok.

"Tazama!" wifi alinong'ona, akimshika mshonaji mkono kwa nguvu. "Anapiga mapigo! Kaka yangu anahesabu mapigo!"

Wageni waligeuka, wakaona, wakaanza kulia kwa furaha. Jirani mwenye viti akajifuta macho kwa kiganja. Mshonaji naye akalia. Alikiweka kiganja chake begani kwa mumewe, akahisi bega likitetemeka, akadhani ni muziki.

Tok, tok. Tok, tok.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Pinde zikainuka. Kukawa kimya.

Kidole hakikuacha.

Tok, tok. Tok, tok. Haraka zaidi. Hapakuwa na muziki wa kuhesabu.

Hapana. Hapana. Hapana.

Mshonaji akaondoa kiganja begani. Akazunguka mbele ya kiti, akapiga magoti, akamtazama mumewe machoni. Hayakuwa machozi ya furaha. Alikuwa anamtazama mtu nyuma yake, karibu na mlango, kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekatika mnyororo.

"Basi!" mshonaji akasema. "Basi, msi..."

Kidole kikasimama.

Kifua pia.

Nesi alikuwa wa kwanza kuona. "Mama, hapumui." Akaanza kuiweka selo chini, na upinde wake, kwa bahati mbaya au kwa lolote lile, ukagusa uzi. Sauti fupi ikatoka.

Kifua cha Mwalimu kikapanda kidogo. Kikashuka.

Kila mtu aliona.

"Rudia," Ngongoti alisema.

Nesi akavuta upinde. Kifua kikapanda. Akausukuma. Kikashuka. Akainua upinde, akangoja, macho yamemtoka. Kifua kikabaki pale pale, tupu, na midomo ya Mwalimu ikaanza kugeuka rangi.

Nesi alijaribu njia zote za kazi yake. Alimlaza, akambonyeza kifua, akampulizia pumzi. Hewa ilikataa kuingia, kana kwamba anapuliza ukuta. Karani alikimbilia simu, akaambiwa gari la wagonjwa halitafika kabla ya giza.

Kutoka kwenye kiti cha cherehani, sauti ndogo ya adabu ikasema:

"Wakiendelea, atavuta."

"Wewe ni nani?" mshonaji akamgeukia. "Umemfanya nini mume wangu?"

Bibi akamtazama kwa upole, kwa huruma hasa. "Nimechoka sana, mwanangu. Kuna sehemu mbili tu zimebaki."

Ni nani angefanya tofauti? Mwanamke yupo magotini sebuleni kwake, mumewe anakufa mbele ya majirani, na dawa ipo kwenye mikono ya watu wanne wanaomngoja aseme neno.

"Pigeni," alisema. "Pigeni, wanangu, msiache."

Wakamrudisha Mwalimu kwenye kiti chake. Wakapiga. Pumzi ikarudi. Kidole nacho kikarudi.

Tok, tok.

"Najua," mshonaji alimwambia sikioni, akilia. "Najua, mume wangu. Nimekusikia. Lakini siwezi. Nisamehe, siwezi kukuacha."

Tok, tok. Tok, tok.

Akakishika kidole kile. Ndiyo, alikishika, akakifumbata ndani ya ngumi yake, kwa sababu hakuweza kuendelea kuambiwa. Kiligongagonga ndani ya kiganja chake kama kifaranga.

Jua lilishuka dirishani. Hakuna mgeni aliyeondoka. Baadaye walisema miguu iligoma. Ngongoti alivuja jasho hadi kola. Uzi mmoja wa fidla ya karani ulikatika, naye akaendelea na tatu zilizobaki. Kadiri muziki ulivyoelekea mwisho, ndivyo yule bibi alivyozidi kuinama kitini, kidevu kifuani, kama abiria anayesinzia kituo kimoja kabla ya kufika.

Halafu sauti ya mwisho. Selo peke yake tena. Nesi aliivuta kadiri alivyoweza, polepole, polepole, mpaka upinde ukafika nchani na hakukuwa na pengine pa kwenda.

Kimya.

Ndani ya ngumi ya mshonaji, kidole kikalegea.

"Maji," Mwalimu akasema.

Wifi alipiga ukelele. Watu wakaruka kutoka vitini. Mwalimu alikuwa amefumbua macho, ameinua mkono wa kulia, ule uliokufa miaka miwili, anauchungulia, anaukunja na kuukunjua. "Naomba maji," alirudia. Wageni wakamvamia kwa kumkumbatia, wengine wanacheka, wengine wameanguka chini. Mshonaji alikuwa katikati yao akimbusu mumewe paji la uso, mashavu, mikono. Hakuwaza lolote. Ni furaha iliyomshika, na furaha ina kelele.

Hivyo alichelewa kusikia.

Tok, tok.

Ilikuwa sauti dhaifu. Ilitoka nyuma, upande wa mlango. Mshonaji akageuza shingo katikati ya mikono ya watu.

Yule bibi alikuwa ameinua kichwa. Mdomo wake ulikuwa umefunguka bila kutoa neno. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya meza ya cherehani, na kidole kimoja kiligonga mbao. Macho yake yalikuwa yamemng'ang'ania mshonaji, nayo hayakuwa macho ya mgeni. Miaka ishirini na sita alilala akitazamwa na macho yale, akaamka akitazamwa nayo.

Tok, tok.

Alijaribu kupita. Mungu ni shahidi wake, alijaribu. Lakini watu walimkumbatia, wakamwambia hongera, wifi akamning'inia shingoni akilia, na kutoka kwenye kiti cha Mwalimu mkono wenye nguvu mpya ukamshika kifundo cha mkono.

"Usiende popote, mke wangu," ile sauti ilisema.

Alipofika kwenye cherehani kidole kilikuwa kimelala. Nesi alimpima bibi shingoni, akatikisa kichwa.

Daktari alisema mambo kama haya hutokea, mara chache lakini hutokea. Wageni wakasimulia muujiza mtaani. Kuhusu pumzi na upinde, wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba ilikuwa hofu, joto na chumba kidogo. Fundi saa peke yake ndiye aliyemfuata mshonaji siku tatu baadaye, uani, akazungumza akiangalia chini.

"Mama, nyuma ya karatasi ya mwisho kulikuwa na orodha ya tarehe. Kumi na moja. Kila moja na mwandiko wake, za juu wino umefifia kabisa, hazisomeki. Ya mwisho ilikuwa ya siku ile ile."

"Ni nani aliyeiandika?"

"Sijui. Tulipofungua bahasha wino ulikuwa umeshakauka."

"Karatasi ziko wapi?"

Fundi saa alitupia jicho mlango wa nyumba. "Mwalimu aliziomba. Amezifungia kabatini."

Bibi wa koti la kijivu hakufuatwa na ndugu yeyote. Serikali ya mtaa ilimzika upande wa makaburi yasiyo na majina, chini ya kipande cha bati chenye namba. Mshonaji aliipata namba kwa kuuliza ofisi tatu, na tangu hapo kila alasiri ya mapumziko huenda huko. Hakai sana. Hupalilia nyasi, humwelezea habari za nyumbani, humwomba msamaha. Watunza makaburi wanamshangaa mwanamke anayemlilia maiti asiyemjua, ilhali mumewe amepona. Wifi yake ameacha hata kumtembelea. Anasema shukrani imemshinda.

Ni kweli amepona. Anatembea, anakula vizuri, anasalimia watu. Ni mpole kuliko alivyokuwa. Hawajawahi kugombana hata mara moja.

Na kila mkewe anapokwenda huko, humfuata. Haingii makaburini. Husimama nje ya geti, koti limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, akingoja kwa subira ya mtu asiye na haraka na miaka. Akiona amekawia, huita, kwa sauti ndogo ya adabu:

"Twende nyumbani, mke wangu. Baridi itakupiga."

Naye huinuka, akakung'uta udongo magotini, akaenda.