Masikio Manne

"Nimeshasema bati ni zuri, Nukta, na—"

"Shangazi, hilo bati hulijui, hebu—"

"Usinikate kauli. Nimeanza kupima bati wewe bado unanyonya."

Nukta, jasusi wa Idara, akatazama Casio yake. Saa nne kasoro dakika sita. Saa nne kamili mashine kubwa ingeanza kugeuza mabati yale kuwa mitungi ya hewa ya waokoaji wa migodini.

Mtungi mmoja ukipasuka kule chini, hatoki mtu.

Na cheti cha ubora kilikuwa na sahihi ya shangazi yake, mkuu wa maabara.

"Kuna watu wa nje wamebadilisha mzigo," Nukta alisema. "Wa ndani aliyewafungulia mlango hatumjui."

"Unene uleule, muhuri uleule," akadakia Mnunuzi wa kiwanda, mpole, mikono mfukoni. "Na Mama kasaini. Unatuchelewesha, dada."

Redio ikakoroma sikioni. "Nukta. Dakika nne."

"Nipeni kipande."

Chuo alikiacha mwaka wa tatu, ila kipindi hiki hakukisinzia. Bati likipita kwenye rola, punje zake za ndani hulazwa upande mmoja, kama watu kwenye foleni. Lisipopikwa vizuri kwenye tanuri baadaye, zinabaki hivyo hivyo. Kwa macho huoni kitu. Likamue liwe kikombe sasa: hapa linavutika, pale linagoma. Ukingo unaota masikio, na ubavu mmoja unabaki mwembamba.

Akakata duara. Akalitia kwenye mashine ndogo ya kukamulia vikombe, akashusha mpini wake. Chuma kikalia.

"Hata yakitoka hayo masikio manne," Mnunuzi alicheka, "ni kawaida ya bati."



Mashine ilikuwa bado imefungwa.

Nukta akaifungua taratibu. Kikombe. Ukingoni masikio yamesimama, utadhani paka wawili wanachungulia.

Manne.

"Yangeweza kuwa mawili," alisema. "Au sita. Au yasiwepo. Wewe nani alikuhesabia?"

Mkono ukatoka mfukoni na Glock.

Kikombe kilifika kwanza. Kikampata kwenye kifundo cha mkono, bastola ikateleza chini ya meza. Goti mgongoni. Pingu.

"Zimeni mashine kubwa."

"Imezimwa," redio ikajibu.

Nukta akavaa miwani yake ya jua, akamsukuma Mnunuzi mlangoni.

"Wasalimie nyumbani, shangazi. Kumbe si kuta tu zenye masikio."

"Mwanangu."

Akageuka.

Shangazi alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele.

"Una pingu nyingine? Cheti nilisaini bila kupima."